Noreen Pascoe na Mpira Nilioukaza Vibaya

Mnanichosha. Kila Jumatatu nikifungua simu nakuta ujumbe arobaini, na thelathini kati yake ni swali lile lile: mpira au poli? Hamsemi gari gani. Hamsemi bushi za wapi, za mbele au za nyuma. Hamsemi kama mnaendesha kwenda dukani au mnapanda kilima na saa ya mashindano inahesabu. Mnataka neno moja tu, na nikichelewa kujibu mnanitukana. Kinachoniuma ni kwamba tabia hiyo niliwafundisha mimi. Miezi saba iliyopita niliwapa neno moja, poli, na ili lichekeshe nikamchukua mwanamke mmoja wa hapa mjini kwetu, Maryborough, ambaye hakunikosea chochote, nikamweka katikati.

Leo swali lenu silijibu. Leo nawasimulia habari za huyo mwanamke na nilichomfanyia. Kama huna dakika kumi, rudi kwenye video zako.

Anaitwa Noreen Pascoe, ana miaka sabini na moja. Anakaa nje kidogo ya mji, upande wa reli, kwenye nyumba ya mbao yenye banda la bati nyuma. Humo bandani anatengeneza bushi za mpira za magari ya zamani: Holden, Falcon, Valiant, hata zile Morris ndogo ambazo siku hizi wamebaki nazo wazee watatu na paka. Kwa mgeni wa mambo haya, bushi ni kipande cha mpira kilichobanwa kati ya vyuma viwili, kinachokaa pale ambapo mikono ya magurudumu inashikana na bodi. Ikiwa laini kupita kiasi, gari linayumba kwenye kona kama kitanda cha springi. Ikiwa ngumu kupita kiasi, kila shimo la barabarani unalisikia kwenye meno. Na poli ni plastiki ngumu ya kisasa inayofanya kazi hiyo hiyo. Inadumu, na wanaitengeneza nyekundu na ya njano ili ipendeze kwenye picha.

Noreen aliingia kwenye mpira akiwa na miaka kumi na saba, Melbourne, kiwanda cha vipuri. Walikuwa wanawake kumi na mmoja kwenye mstari mmoja wa mashine za kubana, wengi Wagiriki na Wamalta, na anasema wote walikuwa wanajua kwa harufu kwamba mpira umeiva kabla kengele haijalia. Kiwanda kilipofungwa, wenyewe wakaziuza kalibu za chuma, zile za kuupa mpira umbo, kwa bei ya chuma chakavu. Noreen na mume wake Des, aliyekuwa dereva wa lori la ngano, wakaenda na lori hilo hilo. Wakapakia kalibu mia moja na arobaini na mashine moja, wakaja nazo huku. Ngano ya wiki ile ilichelewa siku mbili na Des akamwambia bosi wake kwamba gia boksi ilisumbua. Noreen akikusimulia hiyo habari anacheka mpaka anakaa chini. Des alifariki miaka tisa iliyopita. Yeye akaendelea peke yake.

Wateja wake walikuwa watu wa klabu ya magari ya zamani kama sisi, gereji mbili tatu za Adelaide, na duka moja la vipuri vya zamani huko Melbourne lililokuwa linachukua zaidi ya nusu ya kazi yake.

Sasa, Noreen hakuuzii bushi kama anavyokuuzia mtu soda. Kwanza anakutumia fomu ya maswali. Gari lako linalala nje au ndani? Barabara yako ina lami au changarawe? Unabeba nani kiti cha nyuma? Unataka gari likae kimya au likuambie kila kitu? Halafu anachanganya mpira wake kufuatana na majibu yako, mgumu kidogo au laini kidogo. Mimi fomu ile iliniudhi. Nilikuwa na miaka ishirini na tatu, kila kitu nilichokijua nilikitoa mtandaoni, na nilijiona nimemaliza. Niliandika jina la gari, Torana, ile Holden yangu ndogo ya zamani, nafasi nyingine zote nikaziacha wazi, na chini nikaandika neno moja: mbio.

Akanipigia simu.

"Mwanangu, hujajibu kitu hapa. Kiti cha nyuma anakaa nani?"

"Hakai mtu, mama. Ni gari la mbio."

"Torana yenye viti vinne na redio?"

"Wewe nitumie tu."

"Haya. Nitakupa za wastani. Ndani ya mfuko kuna kikaratasi, ukisome."

"Nitakisoma," nikasema, na tayari nilikuwa nimeshaiondoa simu sikioni.

Bushi zikaja. Nikapandisha gari kwenye stendi nne pale mbele ya nyumba, nikafungua mikono ya nyuma, nikachomeka bushi mpya, nikakaza nati zote kwa ile spana ya kupimia nguvu, namba ile ile iliyo kwenye kitabu. Nilikuwa najivunia ile spana. Gari likashuka, likakaa juu kidogo kuliko zamani, nikadhani ni kwa sababu mpira ni mpya.

Baada ya miezi mitatu nikaanza kusikia kugonga nyuma. Nikafungua. Mpira umechanika mzunguko mzima.

Nilikaa palepale kwenye ngazi, mikono ina grisi, nikaandika kwa saa moja. Nilishasikia kwamba Noreen anaivisha mpira kwenye oveni ya kawaida ya nyumbani, basi nikaiita ile makala "Mpira wa Jikoni." Nikasema yuko bibi mmoja huku kwetu anayepika mikate miwili kwa wakati mmoja, mmoja wa chai na mmoja wa gari lako, na siku moja atachanganya. Nikapiga picha bushi iliyochanika juu ya benchi langu la kazi, na pembeni yake nikaweka kile kikaratasi cha njano kilichokuja kwenye mfuko, kwa sababu upande wa mbele kina jina lake kwa herufi kubwa. Nilitaka mlione. Mkaliona. Mkasambaza mara elfu tisa. Mmoja wenu akamchora amevaa aproni, amebeba gurudumu kwenye sinia. Mimi mwenyewe nikaiweka ile picha juu ya ukurasa kwa wiki nzima.

Jina langu sikuliweka. Mimi nilikuwa Spana Kavu, kama kawaida.

Basi nikanunua poli nyekundu, nikafunga gari zima, mbele na nyuma, juu na chini. Nikaandika makala nyingine kuisifu. Mwezi wa nne klabu ikawa na siku yake ya kupanda kilima. Mnajua zilivyo siku hizo, soseji na vitunguu kwenye mkate, wazee na viti vyao vya kukunja, kila mtu anamchungulia mwenzake chini ya boneti. Nilipanda vizuri kona mbili. Ya tatu gari halikulala hata kidogo, likakaa wima kama kabati, gurudumu la ndani likanyanyuka, na bila taarifa nyuma yote ikaondoka. Nikazunguka mara moja na nusu nikasimama kwenye nyasi, natazama nilikotoka. Sikuumia. Mzee mmoja aliyekuwa anashika bendera akaja taratibu akaniuliza kama nimedondosha kitu.

Kesho yake nikakuta bati limepasuka pale mkono wa juu wa nyuma unaposhika bodi. Nikalipeleka kwa Wim Terpstra, fundi wa kuchomelea, ana gereji yake kule Avoca. Wim ni mtu mrefu, anaongea kidogo, na akikutazama unajikuta unakumbuka makosa ya shule ya msingi.

Akaingia chini na taa.

"Nani alikufungia hizi nyekundu?"

"Mimi."

"Mpaka zile za juu nyuma?"

"Zote."

"Ulikuwa umekosana na hili gari?"

Akatoka chini, akachukua chaki, akachora sakafuni. Mikono ya juu ya Torana imekaa mshazari, akasema. Gari likilala kwenye kona, zile bushi zinatakiwa zijipinde huku na huku kwa wakati mmoja. Mpira unakubali. Poli inakubali kuzunguka upande mmoja tu, kwingine inagoma, na ikigoma nguvu yote inakwenda kwenye bati. "Umelifunga plasta mwili mzima," akasema, "halafu ukalipeleka kucheza dansi. Kabla ya hizi ulikuwa na nini?"

"Mpira. Haukumaliza miezi mitatu, ukachanika."

"Mpira wa nani?"

Sikutaka kusema. "Wa Noreen Pascoe."

Akaweka chaki chini. "Mpira wa Noreen hauchaniki kwa miezi mitatu. Ile Valiant yangu hapo nje ina mpira wake tangu enzi mke wangu bado anavuta sigara. Unazo?"

Nilikuwa nazo kwenye buti, ndani ya mfuko wake ule ule. Nilikuwa naziweka kama mtu anavyoweka kikombe cha ushindi, niwaonyeshe watu. Wim akavaa miwani, akaigeuza moja mkononi.

"Hii haijachakaa. Tazama kingo, bado mpya kabisa. Hii imenyongwa. Ulipokaza nati, gari lilikuwa wapi?"

"Juu ya stendi."

"Magurudumu yananing'inia?"

"Ndiyo. Lakini nilitumia spana ya kupimia nguvu, namba ya kitabu, sikuzidisha."

"Sijakuuliza spana." Akanishika bega, siyo kwa upole, akanionyesha lile bomba dogo la katikati. Mpira umeshikana na bomba. Ukikaza nati, bomba linashikwa, halizunguki tena, na mpira unachukulia kwamba hapo ndipo nyumbani. Ukikaza gari likining'inia kisha ukalishusha, mpira umeshanyongwa kabla hata hujawasha injini. Ndiyo maana gari lilikaa juu. Halafu kila shimo linaunyonga zaidi. "Hapa kila mtu anajua," akasema. "Unaweka nati legelege. Unalishusha kwa magurudumu yake, unalisukuma mbele na nyuma litulie, unawaomba watu wawili wakae ndani, ndipo unajipenyeza chini ukaze. Baba yako hakukuonyesha?"

"Baba yangu ni daktari wa meno."

"Basi tuna bahati hukumng'oa mtu jino."

Akaingiza mkono kwenye mfuko akatoa kile kikaratasi cha njano. Akaangalia jina. Akakigeuza. Akanipa.

"Soma kwa sauti, mwandishi."

Nilidhani ananitania tu, maana nilishamwambia nafanya kazi za kompyuta. Upande wa nyuma umeandikwa kwa kalamu, kwa mkono, siyo kwa mashine. Nikasoma. *Usikaze likiwa linaning'inia. Lishushe kwanza. Ukikwama nipigie, hata Jumapili. N.* Na chini yake namba ya simu.

Nyinyi mliiona ile picha mara elfu tisa. Na mimi ndiye niliyekilaza kile kikaratasi kwenye benchi, nikachagua upande wa juu uwe upi.

Alhamisi ile mchana nikaenda kwa Noreen kwa baiskeli. Nilijiandaa njiani. Nilikuwa na maneno. Nilipofika bandani nikamkuta anafunga kalibu kwenye magazeti, moja moja, anazipanga kwenye maboksi ya kabichi. Ni mwanamke mfupi, mikono mikubwa kuliko mwili wake, anavaa kofia ya klabu ya kandanda ya mume wake. Alinitazama juu mpaka chini.

"Torana iko wapi?"

"Kwa Wim, inachomelewa."

"Ahaa. Wewe ndiye usiyebeba mtu nyuma."

Hapo ndipo nilitakiwa kusema. Badala yake nikasema nimekuja kununua mpira wa mikono ya juu. Nilijiambia kwanza nimsikilize, nitasema baadaye kidogo. Woga wangu huwa unakuja na adabu nyingi.

Akaniuliza maswali yote upya. Safari hii nikajibu. Nikamwambia mdogo wangu Tamsin anakaa nyuma Jumanne nikimpeleka kuogelea, na kwamba barabara ya kwenda kwao rafiki yangu ni changarawe kilomita sita.

"Haya, sasa tunaongea," akasema.

Akachukua kipande cha mpira akakibonyeza kwa ukucha wa dole gumba, kisha akakipima kwa kile kisaa chake cha kupimia ugumu, na kisaa kikakubaliana na ukucha. Akanieleza bila kunidharau. Mbele, kwenye ile fimbo inayozuia gari kulala, niache poli yangu, pale haina tatizo na inasaidia. Mikono ya chini ya nyuma aniwekee mpira mgumu. Ya juu, laini, ijipinde inavyotaka. "Watu wanataka gari gumu kila mahali," akasema. "Sasa likipata kona litaongea na nani?" Akanipa chai na mkate wa kuchoma uliopakwa Vegemite, ile chachu nyeusi yenye chumvi, nyingi mno. Oveni ilikuwa pale nyuma yake. Kweli ni ya jikoni. Aliipata shule ya sekondari ilipobadilisha darasa la mapishi, na inashika joto vizuri kuliko nyingi nilizoziona viwandani kwenye video.

"Mbona unafunga vitu, mama?"

"Nauza. Kuna mtu anakuja tarehe ishirini kuchukua mashine, nisipopata wa kununua vyote kabla. Kalibu hazitaki. Amesema atanisaidia kuzipeleka chuma chakavu."

"Zote?"

"Mbili Des alizipasua akizipakua, zimebaki mia na thelathini na nane. Ndiyo, zote."

"Kwa nini unauza?"

Akamimina chai nyingine kabla ya kujibu.

"Kuna jamaa aliandika kwenye intaneti kwamba mpira wangu ni wa jikoni. Dada yangu alinisomea yote kwenye simu. Alipofika kwenye ile ya mikate miwili akanyamaza, alidhani nalia. Nilikuwa nacheka. Ile ya mikate ilikuwa nzuri. Kulia nililia wiki iliyofuata, lile duka la Melbourne liliponiandikia mistari miwili. Miaka ishirini na sita, mistari miwili. Halafu wengine kumi na wanne wakaghairi oda zao." Akasukuma vikombe pembeni. "Nyinyi vijana mnajua kuandika matangazo. Keti hapo uniandikie."

Kompyuta yake ni ya zamani, ilichukua dakika tano kuwaka, na dakika tano ni nyingi kwa mtu mwenye jambo la kusema. Sikusema. Akaanza kunitajia.

"Mashine moja ya kubana, inafanya kazi. Oveni moja. Andika ya jikoni."

"Siyo lazima, mama."

"Andika. Ndivyo ilivyo."

Nikaandika.

"Kalibu, mia na thelathini na nane. Sababu ya kuuza." Akafikiri, akitazama maboksi. "Andika umri."

Nikaandika umri. Masikio yalikuwa yanawaka. Nikamsomea tangazo lote, akasema limekaa vizuri, akanishukuru, akanifungia bushi zangu kwenye mfuko na kikaratasi cha njano, nikaondoka. Nilikaa mle ndani saa mbili. Nimekula mkate wake, nimeandika tangazo la kuuzwa kwa kazi yake, na nimeweka sababu ya uongo kwa vidole vile vile vilivyoandika ile ya kwanza.

Asubuhi yake nikarudi. Nilimkuta anaburuta pipa la taka kwenda barabarani.

"Mama Noreen, mimi ndiye Spana Kavu."

"Najua."

"Unajua?"

"Mwanangu, mji huu una watu elfu nane. Torana ya chungwa yenye mlango mmoja wa kijani iko moja. Ilikuwa kwenye picha, nyuma ya hilo benchi lako."

"Sasa jana mbona hukusema?"

"Nilitaka nione kama utaandika hilo neno umri." Akaegemea pipa. "Uliandika bila kusita. Una mkono mwepesi."

Nikasema samahani.

"Shika pipa upande huo kwanza, lina mawe hili." Tukaliburuta mpaka barabarani. Tulipolisimamisha akajifuta mikono. "Hiyo samahani ilikuwa ya jana. Jana ulikuwa na nafasi ya saa mbili na mdomo umejaa mkate wangu."

"Nitaifuta ile makala. Leo leo."

"Usifute. Ukiifuta watu watakachokumbuka ni kwamba palikuwa na bibi na mikate. Andika nyingine. Weka jina lako, lile la kuzaliwa. Weka na upande wa nyuma wa kikaratasi changu."

"Nitaandika jinsi ulivyo mtu mzuri, jinsi unavyo..."

"Ala, usinifanye mtakatifu. Nimeshaharibu kazi mimi. Mwaka elfu mbili na tatu nilitoa seti kumi na mbili laini kama ubani wa kutafuna, nilikosea kipimo. Nilikaa kwenye simu siku nzima, nikawapigia wote kumi na wawili, mmoja akanitukana hadi marehemu mama yangu. Nikamsikiliza. Alikuwa na haki." Akanitazama chini ya ile kofia. "Wewe umempigia nani?"

Sikuwa nimempigia mtu. Nilikuwa nimekuja kwake tu, kwa sababu yeye ndiye niliyedhani atanielewa, yaani nilikwenda kuomba faraja kwa mtu niliyemwumiza. Hilo sikuliona mpaka alipouliza.

"Na mashine?" nikauliza. "Bado utaiuza?"

"Nikipata kazi ya kunitoa kitandani asubuhi, nitapasha oveni. Nisipopata, yule mtu atakuja na lori. Siwezi kukaa na mia na thelathini na nane nazipangusa vumbi." Akaingia ndani. Hakunikaribisha, na ilikuwa sawa.

Jumamosi Wim alimaliza kuchomelea. Tukafunga mpira wa Noreen, nati legelege, tukashusha gari, tukalisukuma mpaka geti na kulirudisha. Wim akakaa mbele, amekunja magoti mpaka kifuani, Tamsin akakaa nyuma. Mimi nikajipenyeza chini.

"Harakisha," Tamsin akasema kutoka juu, "humu kunanuka viatu vyako."

"Kaa utulie, ndiyo kazi yako hiyo."

"Nalipwa?"

"Mwache akaze," Wim akasema. "Amechelewa miezi kumi tayari."

Nililiendesha kwenye kona iliyo karibu na reli. Liliinama kidogo, likatulia, likageuka nilipotaka ligeuke. Ni gari zuri kuliko nililolijua. Sikufurahia. Nilikuwa nafikiri kwamba lingekuwa hivi tangu siku ya kwanza kama ningegeuza kikaratasi, na kwamba mtu wa kwanza kunifundisha gari langu ni yule niliyewachekesha kwa jina lake.

Basi. Jina langu ni Brodie Maddern, naishi Maryborough, mtaa wa nyuma ya uwanja wa maonyesho, Torana ya chungwa, mlango wa kijani. Bushi za Noreen Pascoe hazikuwa mbovu. Nilizikaza gari likiwa linaning'inia. Ile picha ya upande wa nyuma wa kikaratasi nimeiweka juu hapo, isome. Lile duka la Melbourne nimelipigia mara tatu, mara ya tatu walinisikiliza wakasema watafikiria, sijui watafikiria mpaka lini. Watatu kati ya wale kumi na wanne nimewapata nikawaambia niliyowaambia nyinyi. Mmoja alikata simu. Namwelewa.

Wamebaki kumi na mmoja ambao siwajui. Leo ni tarehe tisa. Kama wewe ni mmoja wao, kama ulighairi oda yako kwa sababu ulinisoma ukacheka, usiniandikie mimi, usiweke hapa chini maneno ya kunisamehe, sina pa kuyapeleka. Mpigie Noreen. Namba yake iko kwenye ile picha. Piga kabla ya saa tano asubuhi, baada ya hapo huwa bandani na simu haisikii, na piga kabla ya tarehe ishirini.